Dhabihu na ukombozi: namna ya kumfafanulia mtoto

Dhabihu ni kitu cha thamani kinachotolewa kwa Mungu, hasa uhai wa mnyama anayechinjwa madhabahuni. Ukombozi ni kumrudisha mtu, au mali yake, kutoka mikononi mwa aliyemshika. Wakristo wanaamini kwamba mambo haya mawili yanakutana katika kifo cha Yesu msalabani. Walimu wengi wa Shule ya Jumapili na wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza huanza na la kwanza, yaani damu. Kwa watoto wadogo, naona tuanze na la pili.

Mtoto wa Newala au Tandahimba, huku kwetu Mtwara, husikia habari za rehani mapema. Nyumbani kumeingia ugonjwa, pesa hazipo, mikorosho inawekwa kwa mwenye pesa. Miti iko palepale, lakini msimu ukifika wanaookota korosho ni watu wengine. Kisha mjomba anakuja, analipa deni, miti inarudi. Walawi 25 inaagiza vivyo hivyo: mtu akifukarika akauza sehemu ya milki yake, ndugu yake wa karibu aje aikomboe, na akijiuza mwenyewe, ndugu yake amkomboe. Boazi katika kitabu cha Ruthu ni ndugu wa namna hiyo. Mtoto akishika kwamba mkombozi ni ndugu, ameshika jambo zito. Ndiyo maana Wakristo wanakazia kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa mtu kweli, akanyonya, akalia, akachoka. Alikuwa ndugu yetu kwanza, ndipo akatukomboa.

Wakubwa kidogo wapelekwe kwenye historia ya huku kwetu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa, wengi wao wakitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, UMCA, alisafiri kutoka Zanzibar kupitia Lindi akiwa na watu waliotolewa utumwani, nao wakaweka makazi Masasi. Kanisa la Masasi lilianza na watu ambao ukombozi wao ulikuwa umewapata mwilini kabla hawajausikia kwenye mahubiri.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: sasa Yesu alimlipa nani? Tusimkwepe, maana swali hilo limewasumbua walimu wakubwa wa Kanisa. Katika Marko 10:45 Yesu anasema amekuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi, lakini hasemi fidia hiyo inapokelewa na nani. Origen, karne ya 3, alielekea kusema ni shetani. Gregory wa Nazianzo, karne ya 4, alikataa katakata kwamba mnyang'anyi alipwe, akakataa pia kwamba Baba aliidai damu ya Mwanawe. Anselm, karne ya 11, alisema dhambi ilimvunjia Mungu heshima yake, na hiyo ndiyo iliyorudishwa. Mabaraza makuu ya Kanisa la kale hayakuweka fasiri moja ya kuwabana wote.

Jibu ninalompa mtoto linatoka Kutoka 6, Mungu anaposema atawakomboa Waisraeli kwa mkono ulionyoshwa. Farao hakulipwa kitu. Hata katika habari za watumwa wa pwani yetu njia zilikuwa mbili. Mapadre Wakatoliki wa Bagamoyo walinunua watu ili kuwaweka huru, muuzaji akaondoka na fedha zake. Lakini wengi waliofika kwenye misheni ya Steere walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na wanamaji wa Uingereza, na mwenye shehena akabaki mikono mitupu. Gharama ilikuwapo, ila ilimwangukia mwokoaji. Mfano wa mikorosho, basi, unafika mahali unaishia, na mwalimu amwambie mtoto wazi kwamba unaishia hapo: Yesu alilipa kwa uhai wake, wala hakuna aliyekaa pembeni akihesabu mapato.

Sasa dhabihu. Watoto wa Mtwara na Lindi wanakua na majirani Waislamu, na Idi ya kuchinja ikifika, nyama inaletwa hata nyumbani kwao. Habari ya Ibrahimu wanaijua. Waislamu wengi wanasema mwana aliyetakiwa kutolewa ni Ismaili. Mwanzo 22 inamtaja Isaka. Lisemwe kwa heshima, halafu tuendelee, kwa sababu kiini kiko kwenye mkono uliozuiwa: Mungu hakutaka mtoto auawe. Katika Agano la Kale mnyama alitolewa kwa kuwa uhai umo katika damu (Walawi 17:11), na sadaka za amani zililiwa pamoja kwa furaha. Lakini Waebrania 10 inasema damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi, na kwamba Yesu alijitoa mara moja tu. Kwa hiyo Wakristo hawachinji tena kwa ajili ya dhambi. Wanakusanyika kwenye mkate na divai.

Kuna sentensi moja ningependa iondoke kabisa midomoni mwetu: "Mungu alikasirika, akamuua mwanawe badala yako." Mtoto akiisikia atamwogopa Mungu, na huenda akaanza kumtazama hata baba yake kwa wasiwasi. Maandiko yanasema vingine. "Mimi nautoa mwenyewe," anasema Yesu juu ya uhai wake katika Yohana 10:18, na 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Baba hakusimama mbali akitazama.

Neno hilo la kujitoa mwenyewe lina uzito pia tunapowaambia watoto wajitoe kama Yesu. Kumgawia mwenzako chakula, kumsaidia bibi kuchota maji, hayo mtoto anaweza kuyatoa kwa hiari. Anayepigwa nyumbani au kuguswa vibaya, kisha akaambiwa avumilie kwa kuwa Yesu naye aliteseka, hajatoa chochote, amenyang'anywa. Mwalimu anayegundua hilo aache somo, amsikilize, na awaone ustawi wa jamii au polisi.