Saitokini na seli saidizi za ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Ubongo umezungushiwa ukuta, kinga ya mwili haiufikii.
Kizuizi kati ya damu na ubongo kipo kweli, ila hakizibi kila kitu. Saitokini ni protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari. Baadhi huvushwa kupitia kizuizi hicho, nyingine huamsha seli za kuta za mishipa ya damu, nazo zikapokeza ujumbe ndani. Neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya kifua na tumbo, pia hupeleka taarifa. Mgonjwa wa malaria aliyejifunika gubigubi, hataki chakula wala maongezi, hadeki: ubongo wake umeshapata habari.

Dhana: Seli saidizi (glia, zinazohudumia niuroni) ni mara kumi ya niuroni, yaani seli za neva zinazopeleka ishara.
Hapana. Mwanasayansi wa ubongo Suzana Herculano-Houzel na wenzake walipohesabu, mwaka 2009, walipata niuroni bilioni 86 hivi, na seli nyingine, zikiwamo seli saidizi, karibu idadi hiyohiyo.

Dhana: Kuna astrosaiti (aina ya seli saidizi) nzuri na mbaya.
Chanzo chake ni utafiti wa 2017 kutoka maabara ya Ben Barres, Stanford. Mikroglia, seli saidizi zinazofanya kazi ya kinga ndani ya ubongo, za panya zilipoamshwa zilitoa saitokini mbili, IL-1α na TNF, pamoja na C1q, protini nyingine ya kinga. Kwa pamoja, hizo tatu ziligeuza astrosaiti, ambazo kwa kawaida hutunza sinapsi (maungio ya niuroni), zikaanza kuua niuroni. Ugunduzi mzito, lakini watu wakaufanya kanuni ya kila ugonjwa. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilitahadharisha kwamba mgawanyo wa makundi mawili hautoshi, kwa kuwa astrosaiti zina hali nyingi.

Dhana: TNF ni sumu tupu, izuiwe tu.
Hii ndiyo iliyoumiza watu. Katika maltipo sklerosisi, kinga hushambulia mielini, utando unaofunika nyuzi za neva, na TNF huonekana kwenye majeraha. Kwa mantiki hiyo wagonjwa walijaribiwa dawa ya kuizuia, lenercept. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha mashambulizi yaliongezeka. Tatizo ni kwamba TNF ina vipokezi viwili. Kimoja huchochea zaidi uvimbe na kifo cha seli. Cha pili husaidia seli changa kuongezeka na kuwa oligodendrosaiti, mafundi wa mielini. Mwaka 2001 ilionekana kwamba panya wasio na TNF huchelewa kurudisha mielini iliyoharibika. Hadi leo dawa za kuzuia TNF, zinazotibu baridi yabisi, hubeba onyo kwa wenye magonjwa ya kuharibu mielini.