Kirusi cha kidingapopo huingiaje ndani ya seli?

Mwaka 1870 homa kali ya viungo ilienea mjini Unguja. James Christie, daktari aliyekuwa akitibu hapa wakati ule, aliandika habari zake. Iliitwa kidingapopo, ingawa wapo wataalamu wanaoona huenda ilikuwa chikungunya. Kwa swali letu tofauti si kubwa, maana virusi vya maradhi yote mawili huingia kwenye seli kwa mbinu ileile.

Anayevieneza ni mbu wa aina ya Aedes, yule mweusi mwenye michirizi myeupe miguuni. Huuma mchana, na huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya vifuu, matairi na madumu ya uani. Akikuuma, virusi huingia mwilini pamoja na mate yake.

Kirusi cha kidingapopo kina upana wa nanometa 50 hivi (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na kimefunikwa utando wa mafuta. Seli nayo imefunikwa utando wa mafuta. Kwa nini basi visiungane tu, kama matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi? Kwa sababu kila utando umeng'ang'aniwa na maji yaliyouzunguka, na bila nguvu ya kuyaondoa, tando hizo hazigusani.

Nguvu hiyo imo kwenye protini 180 zilizolala juu ya kirusi, mbili mbili. Kirusi hujishikiza kwenye seli, na seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko kidogo, kisha, kama ilivyo kawaida yake, hukitia kifuko hicho asidi. Hapo ndipo mambo hugeuka. Zile jozi huachana, kila protini ikasimama na kuchoma ncha yake isiyopenda maji kwenye utando wa kifuko. Halafu hujipanga tatu tatu na kujikunja, ncha ikarudi kuelekea shina. Ncha imeshika utando wa seli, shina limeshika wa kirusi. Kwa kujikunja huko tando mbili huvutwa mpaka zikaungana. Tundu hufunguka, na RNA ya kirusi, yaani maelekezo yake ya urithi, hupita na kuingia ndani ya seli.

Linalonistaajabisha zaidi ni hili: kirusi kipya kilichoundwa ndani ya seli, kikiwa njiani kutoka, nacho hupita penye asidi. Mbona hakifyatuki humo humo? Ni kwamba kila ncha imezibwa na kipande cha protini nyingine, na kipande hicho hakidondoki mpaka kirusi kifike nje, pasipo asidi. Protini ikishajikunja hairudi ilivyokuwa, kwa hiyo kirusi kilichofyatuka kabla ya wakati hakiwezi tena kuambukiza.