Je, wajua uzi wa kushonea kidonda unaweza kubeba dawa ndani yake?

Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji mara nyingi huambiwa na nesi: "Hizi nyuzi hazitolewi, zitayeyuka zenyewe." Siku zinapita, na kweli uzi hauonekani tena. Umekwenda wapi? Na kama unaweza kutoweka mwilini kidogo kidogo, kwa nini usiachie dawa kidogo kidogo vilevile?

Tuanze na neno "kuyeyuka", maana linatupoteza. Sukari ikiyeyuka kwenye chai bado ni sukari. Uzi huu hukatika. Ni polima, yaani molekuli ndogo zilizoungana kama mkufu mrefu, na maji ya mwilini hukata viungo vya mkufu huo. Vicryl, uzi uliozoeleka vyumba vya upasuaji tangu miaka ya 1970, una asilimia 90 ya viungo vya asidi ya glikoliki na 10 vya asidi ya laktiki. Baada ya wiki mbili hubaki na robo tatu ya nguvu zake, baada ya tatu nusu, na kati ya siku 56 na 70 umekwisha. Asidi ya laktiki ndiyo ile ile inayotia mtindi uchachu, na misuli yako huitengeneza ukikimbia. Mwili hauishangai: huichoma ikawa maji na kabonidayoksaidi.

Hapa ndipo ninapoupendea ufundi huu. Kiungo cha laktiki hukwepa maji kuliko cha glikoliki. Kwa kawaida, ukichanganya viwili hivyo nusu kwa nusu, polima huisha kwa mwezi mmoja au miwili. Laktiki tupu yaweza kupita mwaka. Dawa iliyofungwa ndani ya polima hutoka kadiri polima inavyokatika, kwa hiyo muda wake hupangwa wakati wa kuchanganya, kabla mgonjwa hajaguswa. Kidonge cha "moja mara tatu" hupandisha dawa kwenye damu kisha huiacha ishuke, na mgonjwa akisahau, inashuka zaidi. Uzi hausahau.

Nyuzi za kubeba dawa ndani yake mara nyingi husokotwa kwa umeme. Polima na dawa huyeyushwa pamoja katika kimiminika kinachokauka upesi, kikatiwa kwenye bomba la sindano. Ncha ya sindano hupewa umeme wa maelfu ya volti. Tazama tone pale nchani: halidondoki, linavutwa, linachongoka kama pia, kisha kwenye kilele chake uzi unachomoka na kujipinda hewani kama mjeledi. Unapofika kwenye bamba umeshakauka. Ukirundikana hufanya kitambaa cheupe, laini kama utando wa buibui, ambacho kila uzi wake waweza kuwa mwembamba mara mia kuliko unywele.

Wembamba huo una gharama. Dawa iliyo karibu na uso wa uzi hutoka yote kwa mkupuo siku ya kwanza. Suluhisho moja la tatizo hilo ni kutumia sindano mbili, moja ndani ya nyingine, ili dawa ikae kwenye kiini na polima tupu iizingire.

Mantiki hii imeshafika hospitalini. Ozurdex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, ni kijiti cha polima hizo hizo chenye urefu wa milimita 6 hivi na miligramu 0.7 za deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Hudungwa ndani ya jicho na kutoa dawa kwa miezi hadi sita.

Nyuzi za kushonea zilizopakwa triklosani, dawa ya kuua bakteria, zina habari nyingine. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 5,700 katika nchi saba, Rwanda ikiwemo, haukuona zikipunguza maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Mimi naona tofauti moja isisahauliwe: hapo dawa ilikuwa kwenye mpako wa juu. Kuiweka ndani ya uzi wenyewe ni kazi nyingine, na bado inafanyiwa majaribio.

Ukipata nafasi, itazame pakiti ya uzi wa kuyeyuka. Ni ya foili, imezibwa kabisa. Unyevu wa hewani ni maji pia, na ukiingia humo uzi utaanza kukatika ukiwa bado kabatini.