Aliyefungwa Ainuke

Pale Kondele, kwenye kichochoro cha nyuma ya barabara ya kwenda Kakamega, kuna chumba cha gemu ambacho nimekuwa nikiingia kila Jumamosi kwa miaka mitatu sasa. Ni chumba cha mabati chenye televisheni nne, mabenchi mawili, na pedi za kuchezea gemu ambazo raba za vidole gumba zimelika mpaka plastiki inaonekana. Mechi moja ya mpira ni shilingi 20. Sheria ya pale haijaandikwa ukutani, lakini hata mtoto wa darasa la nne anaijua: aliyefungwa ainuke. Mshindi anabaki na pedi mkononi, aliyeshindwa anarudi mwisho wa foleni, na akitaka kucheza tena anatoa 20 nyingine.

Mimi ni mshauri nasaha. Nazungumza na vijana wa kiume wa miaka 13 hadi 20, na wengi huletwa na mzazi ambaye neno lake la kwanza ni kwamba gemu zimemharibu mtoto. Nilianza kuingia kile chumba kwa sababu niliona si haki kumsikiliza kijana akisimulia mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga. Nilienda kutafuta ulevi wa gemu. Nilichokikuta zaidi ni somo la uanaume, linalofundishwa kwa bidii kuliko darasa lolote ninalolijua hapa Kisumu.

Kuna mechi moja sijaisahau. Kijana wa kidato cha pili alifungwa mabao manne bila. Aliinuka, akamkabidhi mwenzake pedi kwa mikono miwili, akasema, "Uko juu, omera," yaani ndugu yangu kwa Kijaluo. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, ungedhani anamwamkia mjomba wake. Kisha akaketi kwenye benchi karibu na msichana aliyekuwa akingoja zamu yake, dada mdogo wa mhudumu, akamwambia, "Wewe unangoja nini? Hapa si jikoni." Chumba kikacheka. Msichana akaangalia simu yake.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Aliyemfunga manne aliambiwa maneno matamu. Asiyemkosea lolote ndiye aliyetemewa sumu.

Mwaka 2015 watafiti wawili, Michael Kasumovic na Jeffrey Kuznekoff, walichapisha utafiti katika jarida la PLOS ONE ambao nauona kama ufunguo wa kile chumba. Walicheza gemu ya vita ya Halo 3 mtandaoni na watu wasiowajua. Katika baadhi ya mechi walipiga sauti ya mwanamume iliyorekodiwa, katika nyingine sauti ya mwanamke ikisema maneno yale yale, na katika nyingine walinyamaza. Kisha wakasikiliza tena rekodi, wakaangalia nani alisema nini kwa nani, na wakalinganisha na jinsi msemaji alivyokuwa akicheza. Waliosikika wakizungumza karibu wote walikuwa wanaume.

Walichokiona ni hiki. Wanaume waliokuwa wakicheza vibaya ndio waliomrushia mwenye sauti ya kike maneno makali. Wanaume hao hao, waliposikia sauti ya kiume, walijishusha. Waliokuwa wakicheza vizuri walimsemesha mwanamke kwa upole zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba hofu inatoka chini ya ngazi: aliye juu hapotezi kitu mwanamke akiingia, ila aliye ngazi ya chini kabisa anaona anakaribia kusukumwa chini zaidi, tena na mtu ambaye amefundishwa maisha yake yote kwamba yuko chini yake. Ni utafiti mmoja, kwa gemu moja, na siwezi kuufanya sheria ya dunia. Lakini nimekaa kwenye benchi lile na nimeyaona yale yale kwa macho yangu.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama gemu zinafundisha wavulana ukatili, huwa nauliza kwanza: zinamfundisha nini kuhusu kushindwa? Maana mvulana atashindwa mara nyingi sana. Foleni yenyewe inasema hivyo: kila anayeketi huinuka akiwa amefungwa.

Ngazi hiyo ya wanaume juu na wanawake chini haikuwepo kwenye gemu tangu mwanzo. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa vijiti viwili na kidoa kimoja, haina mume wala mke. Toru Iwatani alipobuni Pac-Man, iliyotoka 1980, alieleza wazi kwamba alitaka kuwavuta wanawake. Kisha soko la gemu la Marekani likaporomoka mwaka 1983, na kampuni ya Nintendo ilipoingia kuliokoa mwaka 1985 iliuza mashine yake kama kitu cha watoto kuchezea. Maduka ya huko yalikuwa na rafu za wavulana na rafu za wasichana, na gemu zikawekwa upande wa wavulana. Kufikia 1989 jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye kifaa chake cha mkononi: Game Boy, "boy" yaani mvulana. Baada ya hapo mashujaa wakaanza kunenepa shingo, kutoka gemu ya Doom ya 1993 hadi Marcus Fenix wa Gears of War, mwaka 2006, ambaye mabega yake hayapiti mlangoni.

Lakini hapa kwetu shujaa aliyelea kizazi kizima ni CJ. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka 2004, na mpaka leo vijana waliozaliwa baada yake wanaicheza, sasa kwenye simu. CJ ndiye mhusika unayemwendesha, na ndani yake mwili wa mwanamume umegeuzwa mizani. Kuna kipimo cha misuli, cha mafuta, cha heshima, na cha mvuto kwa wanawake. CJ akila ovyo ananenepa. Akienda kuinua vyuma anajaa kifua. Akikaa njaa mafuta yanaisha, kisha misuli nayo inaanza kuyeyuka. Nimewaona wavulana wembamba wa mtaa wa Manyatta wakimpeleka CJ kuinua vyuma kwa subira ambayo mwalimu wao wa hesabu angeilipia. Heshima ni mstari, na mstari ukipanda unauona ukipanda. Kwa mtoto ambaye nyumbani hajui baba anamwonaje, huo ni utulivu mkubwa.

Sasa sikiliza hadithi inavyoanza. CJ anarudi mtaani kwao kwa sababu mama yake ameuawa. Anarudi matangani. Na katika vipimo vyote hivyo hakuna cha huzuni. Anakanyaga nyumba ya mama yake, anaguswa kidogo, kisha kazi inaanza: kufukuzana, kupiga risasi, kuteka upya mitaa.

Mimi ni mtoto wa ziwani. Nimewaona wazee, watu wenye ng'ombe na wake na sauti barazani, wakiingia boma lenye msiba huku wanalia kwa sauti kuu, na hakuna aliyewapunguzia heshima hata punje. Tulikuwa na mahali palipomruhusu mwanamume kuvunjika mbele ya watu. Kwa hiyo mvulana akiniambia kwamba mwanaume halii, namwuliza amelisikia wapi. Mara nyingi hajui. Amelisikia shuleni kwenye "jikaze kisabuni," amelisikia kwa mjomba, na amelicheza kwa vidole vyake mwenyewe saa nyingi mno.

Haki ni kusema kwamba watengenezaji gemu nao wamebadilika. Mfano ninaoutumia sana ni Kratos, shujaa wa gemu za God of War. Katika ile ya 2005 yeye ni hasira tupu inayotembea, mtu aliyedanganywa akaua mke na binti yake. Gemu iliyotoka 2018 inamkuta amezeeka, mke wa pili amefariki, na ameachiwa kijana anayeitwa Atreus. Karibu na mwanzo wanawinda kulungu pamoja. Kijana anatetemeka kummaliza mnyama, baba anamsaidia kusukuma kisu. Halafu Kratos ananyoosha mkono amshike mwanawe begani, mkono unafika karibu kabisa, na anaurudisha bila kumgusa.

Niliwaonyesha vijana wanane sehemu hiyo, kwenye televisheni ile ile ya Kondele. Walikuwa wakipiga kelele tangu kuingia. Mkono uliporudi, hakuna aliyecheka. Mmoja akasema polepole, bila kumwangalia mtu, "Mzee wangu ni hivyo hivyo." Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kupata swali linalofungua kijana upesi kama ule mkono ulivyofungua.

Hata hivyo kuna jambo linaniuma katika gemu hizi za akina baba. Ili Kratos ajifunze kupenda, mke ilibidi awe majivu. Joel wa The Last of Us, gemu ya 2013, anampoteza binti yake kabla hadithi haijakomaa. Upole wa mwanamume unaruhusiwa mradi kuna kaburi nyuma yake na silaha mkononi. Natamani kuona baba anayempenda mtoto siku ya kawaida tu, mama akiwa hai, wakinunua omena sokoni Kibuye.

Halafu kuna picha ya mchezaji mwenyewe, na hii tunaichora sisi wazazi na walimu. Kwetu mvulana wa gemu ni mvivu, au ni mwizi anayejifunza kazi. Shule moja ilimrudisha kijana nyumbani kwa kukutwa chumba cha gemu, na barua ikamwita mraibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji wa gemu katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na vigezo vyake ni vizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepita mambo yote ya maisha, anaendelea hata inapomdhuru, na kwa kawaida hali hiyo imedumu angalau miezi 12. Yule kijana alikuwa anacheza siku moja tu kwa wiki, Jumamosi. Alirudi darasani akiwa na jina jipya, na jina hilo ndilo lililomgharimu.

Vijana hao hao wanamjua Sylvia Gathoni, Mkenya anayeshindana katika gemu ya kupigana ya Tekken na anayejiita Queen Arrow, aliyesajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018. Wanalitaja jina lake kwa heshima. Timu za taifa za wanawake zipo kwenye gemu ya mpira tangu FIFA 16 ya mwaka 2015. Lakini kumheshimu aliye mbali ni rahisi. Aliye kwenye benchi lako ndiye kazi.

Mwezi wa pili nilimwomba mhudumu tujaribu kitu Jumamosi mchana: kila mtu alipe 40 acheze mechi mbili mfululizo, ashinde ashindwe, ndipo ainuke. Alikubali kwa shingo upande, akihofia foleni. Kelele ilipungua kidogo. Matusi hayakuisha, nisiwadanganye. Lakini mtu akifungwa ilibidi abaki pale, kitini, pedi mkononi, akiangalia aliyemfunga.

Jumamosi ya tatu yule wa kidato cha pili alipangwa na dada wa mhudumu. Mechi ya kwanza alipigwa tatu bila. Alisema neno chini ya pumzi ambalo silirudii hapa, akaangalia mlango. Mechi ya pili ikaanza. Alifungwa tena, mawili. Dakika za mwisho aliuliza, macho bado kwenye televisheni, "Unabonyeza nini ukigeuka hivyo?" Msichana akasimamisha mchezo, akainua pedi yake kuelekea mwanga wa mlangoni, akamwonyesha kidole gumba kinapokaa.