Harufu Mbaya ya Kinywa: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Mtu akilalamika kwamba kinywa chake kinanuka, mara nyingi huambiwa kuwa tatizo liko tumboni, na hapo huanza kunywa dawa za minyoo, za gesi na za kusafisha tumbo bila kupata nafuu. Kati ya dhana zote kuhusu jambo hili, naiona hii kuwa ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu humpeleka mgonjwa mbali na chanzo. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hubaki umefungwa isipokuwa mtu anapomeza, anapocheua au anapotapika, kwa hiyo hewa ya tumboni haipandi ovyo. Wapo wachache wanaosumbuliwa na kiungulia cha muda mrefu, lakini kwa walio wengi chanzo kimo kinywani mwenyewe.

Humo wamo bakteria wasiohitaji oksijeni, wanaojificha nyuma ya ulimi na katika mianya iliyo kati ya meno na fizi. Bakteria hao huvunjavunja mabaki ya chakula, seli zilizokufa na protini za mate, kisha hutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama yai viza.

Ndiyo maana si kweli kwamba anayepiga mswaki kila siku hawezi kunuka kinywa. Mswaki husafisha meno, ilhali utando mweupe au wa manjano unaoonekana kwenye kioo mtu akiutoa ulimi nje hubaki pale pale. Utando huo uondolewe taratibu kwa kikwaruzo cha ulimi au mswaki laini, kuanzia nyuma kuja mbele, na mianya ya meno isafishwe kwa uzi maalumu kila siku, pamoja na kupiga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa yenye floraidi. Fizi zikitoka damu, wengi huogopa na kuacha kuzigusa, kumbe damu hiyo kwa kawaida ni dalili ya ukoga uliokusanyika, na kuacha kupiga mswaki huzidisha ugonjwa. Ukoga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki. Huo ni wa kuondolewa na mtaalamu wa meno. Meno bandia nayo yavuliwe usiku na kusafishwa.

Wengine huamini kwamba dawa ya kusukutua au peremende inatosha. Nyingi hufunika harufu kwa muda mfupi tu, na peremende zenye sukari huchangia kuoza kwa meno. Dawa yenye klorheksidini hupunguza bakteria kweli, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa kwenye meno.

Harufu ya asubuhi isimtie mtu hofu, kwani mate hupungua usingizini na bakteria hupata nafasi. Ukavu unaoendelea mchana kutwa ni jambo jingine: huweza kuletwa na kupumua kwa mdomo, sigara, au dawa za mzio, sonona na shinikizo la damu. Anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali azungumze na daktari, na wakati huohuo anywe maji mara kwa mara.

Kupuliza pumzi kiganjani na kunusa si kipimo cha kutegemewa, kwa kuwa pua huzoea harufu ya mwenyewe. Ni afadhali kunusa uzi uliopita kati ya meno ya nyuma, au kumwuliza mtu wa kuaminika. Wapo pia wanaojitenga na wenzao kwa aibu ilhali vinywa vyao havinuki kabisa, na hao wanastahili kusikilizwa kwa upole.

Kinywa kikiwa safi na harufu ikaendelea, pua, koo na tonsili vichunguzwe. Pumzi inayonuka kama matunda kwa mgonjwa wa kisukari, hasa akitapika au kupumua kwa haraka, ni dharura ya kukimbilia hospitali. Kwa mtoto mdogo, harufu kali inayoambatana na uchafu kutoka tundu moja tu la pua huweza kuwa ishara ya kitu alichokisukumia humo. Kitu hicho kitolewe na daktari, si kwa kidole nyumbani.