Moyo Kwenda Mbio Ukisimama: Chuma Kinasaidia Wapi

Mgonjwa wa POTS (hali ya moyo kwenda mbio kupita kiasi mtu anaposimama) akiniambia amepimwa damu na iko sawa, namuuliza kilichopimwa ni nini. Mara nyingi ni hemoglobini tu, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni. Akiba ya chuma huisha kabla hemoglobini haijashuka, na akiba hiyo huonekana kwenye ferritini, protini inayohifadhi chuma. Mtu mzima mwenye ferritini chini ya mikrogramu 30 kwa lita namtibu hata kama hemoglobini yake ni ya kawaida. Ila ferritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi, ikaficha upungufu. Hapo naangalia pia kiasi cha chuma kilichobebwa na transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu. Kikiwa chini ya asilimia 20 ya uwezo wake wa kubeba, nashuku upungufu.

Upungufu wa damu peke yake hukimbiza moyo. Basi utibiwe kwanza, ndipo kipimo cha kusimama kirudiwe: lala dakika 10, pima mapigo na presha, simama, pima tena dakika ya 1, 3, 5 na 10. Mapigo kwa dakika yakiongezeka kwa 30 au zaidi (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19) bila presha kuporomoka, na dalili zimedumu miezi 3, POTS ipo.

Kidonge cha ferasi salfeti, dawa ya kuongeza chuma, cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma. Kimoja kwa siku kinatosha, au siku moja baada ya nyingine. Ukimeza vitatu, ini hutoa hepsidini nyingi, homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Chuma kinachobaki huchafua tumbo: unaharisha au unafunga choo. Kwa POTS hilo si dogo: kuharisha hupoteza maji unayoyahitaji, na kujikamua chooni huweza kukuangusha. Chai, kahawa, maziwa na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa 2. Levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, kwa saa 4. Choo cheusi ni kawaida, lakini kikinata kama lami na kunuka vibaya, wahi hospitali.

Kama kulikuwa na upungufu wa damu, hemoglobini ipande kama gramu 2 kwa desilita ndani ya wiki 4. Isipopanda, tafuta hedhi nzito, damu inayovuja tumboni au ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhuriwa na gluteni ya ngano) kabla ya kuongeza dozi. Ikishakuwa sawa, endelea miezi 3 kujaza akiba.

Dripu ya chuma ni ya wasioweza vidonge, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi dakika 30 baada yake. Dripu ya aina ya feriki kaboksimaltosi huweza kushusha fosfeti, madini ya mifupa na misuli, kwenye damu: uchovu na maumivu ya mifupa yakizidi wiki chache baadaye, pima fosfeti kabla ya kuilaumu POTS.

Chumvi, maji na soksi za kubana haviachwi wakati wa matibabu haya.