Weusi wa bia si ukali wake

Ukikaa baa yoyote ya Mwanga, hapa Kigoma, utasikia mtu akionywa: "Achana na hiyo nyeusi, itakulaza." Watu wengi wanaamini hivyo, na naelewa chanzo chake, kwa sababu Guinness ya chupa tuliyoizoea kwetu ni kali kweli. Lakini rangi haihusiki.

Anayejua kukaanga kahawa ya Kalinzi ataelewa upesi. Buni ikianza kupasuka ni hudhurungi. Ukiiacha chunguni kidogo tu inakuwa nyeusi, chungu, yenye harufu ya moshi. Shayiri, nafaka inayopikiwa bia, ni vivyo hivyo. Sehemu ndogo tu ya shayiri iliyokaangwa sana inatosha kutia weusi pipa zima. Kilevi kinatoka kwingine: hamira inakula sukari ya kimea na kuacha alkoholi. Sukari nyingi, kilevi kingi. Mama zetu wanaopika pombe ya ulezi wanalijua hilo siku zote.

Guinness ya pipa inayonywewa Dublin, nyeusi tii, ina asilimia 4.2 tu. Sasa tazama Duvel ya Ubelgiji, kutoka kiwanda cha ukoo wa Moortgat kilichoanza 1871. Inang'aa kama asali mbichi, na ina asilimia 8.5! Bia hiyo ilikuwa ya rangi nzito hadi 1970, walipoibadilisha kuwa ya dhahabu. Jina lake, kwa lahaja yao, ni shetani.

Kwa hiyo soma asilimia kwenye lebo kabla hujaagiza ya pili.